Mwenyekiti na Fremu ya Inchi Kumi na Tisa

Alikozaliwa sijui, na sijawahi kutamani kujua. Wala sijui babake alikuwa nani, au kama alimaliza shule. Nilimjua kwa miaka tisa hivi, na katika miaka hiyo yote alikuwa Mwenyekiti tu. Wapangaji wake wa Kabiria walimwita Mwenyekiti. Mkewe, mama mpole wa kanisani, alimwita Mwenyekiti akimpa chai. Nadhani hata akijikata na wembe asubuhi alijipa pole kwa cheo hicho. Na alichokuwa akiongoza, tafadhali, ni watu kumi na wanne wenye baiskeli.

Tulikutana kila Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha petroli karibu na Dagoretti Corner. Walikuwamo karani wa benki, walimu wawili, muuguzi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na wengine wa aina hiyo, watu wa mshahara na biashara ndogo waliochoka kukaa kwenye viti. Tuliingia njia za msitu wa Ngong, na mara moja kwa mwezi tulipanda milima yenyewe. Mimi nilikuwa sekretari katika ofisi ya mawakili mjini, nikiishi Kileleshwa kwenye fleti ya vyumba viwili, na mgongo ulikuwa umeanza kunilalamikia. Yule muuguzi ndiye aliyeniingiza kikundini. Akanionya mapema.

"Lakini Nekesa, usinunue bike kabla Mwenyekiti hajakupima. Atakasirika vibaya sana."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu mwenye tumbo lililoanza juu ya pale matumbo ya watu wengine yanapoanzia. Alivaa kofia ya sufu, na juu ya kofia ya sufu akavaa helmeti, ndiyo maana helmeti haikuwahi kumkaa kichwani hata siku moja. Shingoni alining'iniza kipenga. Baiskeli yake ilikuwa ya buluu, nzuri kuliko zetu zote, na bado ilikuwa na nailoni ya dukani kwenye fremu. Miaka yote hiyo hakuitoa. Ilikuwa imegeuka kahawia kwa vumbi na jasho, imechanika, imefungwa tena kwa selotepu, na ukimgusia aliku­ambia kwamba rangi isiyoguswa ni ya kuuzia. Hakuiuza. Nyuma alikuwa amefungia keria ya chuma, na juu ya keria, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na daftari la kumbukumbu za mikutano. Wengine wetu tulibeba maji ya kunywa. Yeye alibeba kumbukumbu.

Sitaki kusema uongo: kuna vitu alivijua. Miaka hiyo supamaketi zilikuwa zimejaa zile baiskeli zenye shoki, yaani springi za kumeza mtikisiko, mbele na nyuma, za bei rahisi, zenye rangi za kuumiza macho, na kila mgeni aliyejiunga nasi alikuwa na hamu ya moja. Mwenyekiti alizipiga teke la dharau. "Hiyo ni sofa ya magurudumu," alisema. "Unakanyaga, nguvu yako yote inaishia kwa springi." Alitufundisha kwamba kwa mfuko wa mtu wa kawaida, anayetaka kupita njia za mawe na mizizi, baiskeli ya maana ni ile yenye shoki mbele peke yake na nyuma ngumu. Pesa utakazookoa kwa kuikataa shoki ya nyuma, ziingize kwenye shoki nzuri ya mbele, breki zinazoshika na rimu zisizopinda. Aliinamia shoki ya mbele, akaikandamiza kwa kifua chake chote, akaiachia, akasikiliza inavyorudi. Ikirudi kwa kishindo, alitikisa kichwa. Ikirudi taratibu, alisema, "Hii imesoma." Nimenunua baiskeli kadhaa tangu wakati huo na kila mara nimetumia maneno yake, na kila mara nimeudhika kuyatumia.

Tatizo lilikuwa kipimo.

Mwenyekiti alikulia juu ya Black Mamba, zile baiskeli nyeusi za chuma za kubebea maziwa na magunia ya viazi. Kwenye Black Mamba, kiti kikishafungwa kimefungwa, mtu hakigusi tena hadi baiskeli irithiwe. Fremu kubwa ni ya mwenye boma, fremu ndogo ni ya watoto, na kipimo ni kimoja: unaweka kwapa juu ya kiti, unanyoosha mkono kuelekea chini, na kidole cha kati kikifika pale pedali zinapozungukia, baiskeli ni yako. Kidole kikipita, baiskeli ni ndogo, na ukiipanda utachekwa. Kwa Black Mamba nadhani kilitosha. Mwenyekiti alikichukua kipimo hicho akakileta kwenye baiskeli za milimani, ambazo viti vyake vinapanda na kushuka unavyotaka, na akakitumia kiti kikiwa chini kabisa. Kwa hiyo kila fremu iliyomfaa mtu ilionekana ndogo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Aliyejaribu aliulizwa ana baiskeli ya shilingi ngapi.

Siku yangu ya kupimwa ilikuwa kwenye duka moja katikati ya mji. Palikuwa na mbili za aina moja, nyekundu zote, shoki nzuri, breki za diski za waya, bei ya kati niliyoiwekea akiba tangu Januari. Moja ilikuwa ya fremu ya inchi kumi na tano, nyingine kumi na tisa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile ndogo. Nilipanda, miguu ikagusa sakafu vizuri, nikaona raha.

"Madam, shuka," akasema Mwenyekiti. "Kuja hapa. Weka kwapa juu ya kiti."

"Kwapa?"

"Kwapa, kwapa. Nyoosha mkono mpaka chini."

Kidole changu kilipita ile nati ya katikati ya pedali karibu kwa upana wa kiganja. Mwenyekiti akageuka kuwatazama wateja wengine, watu ambao hata hawakuwa wetu.

"Mnaona? Hii ni ya mtoto."

"Lakini mzee," muuzaji akasema, "hiyo kiti si inapandishwa?"

"Kiti ikipanda hivyo, mtu anakaa kama kuku kwa mti. Leta ile ingine."

Kwenye ile ya kumi na tisa, kidole kilifika kwenye nati barabara. Mwenyekiti akapiga makofi. Kumbe jambo dogo tu: nina mikono mirefu na miguu mifupi. Ni umbo la ukoo wa mama yangu. Wajomba zangu wote wanakunja mikono ya mashati ya watu wengine na kupindisha suruali. Kipimo cha Mwenyekiti hakikuwa na habari na miguu ya mtu. Nilipopanda nilisimama kwa ncha za vidole, na bomba la juu la fremu lilikuwa limenigusa mahali nisipopataja.

"Mwenyekiti, naona kama iko juu."

"Utazoea. Si hata viatu vya shule ulinunuliwa kubwa?"

Ilikuwa kweli, nilinunuliwa kubwa. Na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, niliyekuwa nikipiga chapa barua zilizotetemesha makampuni mazima, nikasema asante nikaenda kulipa. Sehemu ya dharau iliyomo katika habari hii ni ya kujidharau mwenyewe.

Alikuwa na misemo. Baiskeli kubwa ina heshima. Mtu mzima hapandi kitu kifupi. Breki ni ya mtu asiyejua anakoenda. Huu wa mwisho aliupenda mno, na aliusema tukiwa kileleni, upepo ukipiga, kabla hatujashuka. Halafu yeye mwenyewe alishuka kwa miguu. Sikumwona hata mara moja akiteremka kwenye mawe akiwa juu ya ile baiskeli ya nailoni. Njia ikianza kuinama, alikanyaga chini, akashika usukani kwa mkono mmoja na kipenga kwa mwingine, akasema anakagua njia. Njia zenyewe tulikuwa tumeshapita. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa na kipenga pia.

Nilianguka katika safari yangu ya nne ya milimani. Ni pale njia inapotoka kileleni ikiingia kwenye kokoto, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Karani wa benki alikuwa mbele yangu, akasimama ghafla kwa sababu ya ng'ombe. Nami nikasimama. Nilishika breki taratibu kama nilivyofundishwa, nikateremsha mguu wa kushoto kuegemea ardhi, na ardhi haikuwapo. Upande ule ulikuwa wa chini. Juu ya baiskeli inayokutosha, unaruka mbele ya kiti, unaitanua miguu juu ya bomba, umesimama. Mimi bomba lilinizuia. Baiskeli ikalala nami nikalala nayo, bega likatangulia, na nikasikia mfupa wa mtulinga ukivunjika kama kijiti cha kuwashia moto.

Mwenyekiti alifika baadaye, kwa miguu, akipuliza kipenga ili watu waniachie hewa. Alitazama baiskeli kwanza. Aliiinua, akazungusha gurudumu la mbele, akalifuata kwa jicho moja.

"Bike iko sawa," akatangaza. Ndipo akanigeukia. "Pole sana Madam. Umeshika breki kwa uoga."

Maumivu yalikuwa makali hata sikuweza kujibu, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa kukubali. Tangu saa ile sikutaka kwake kitu kingine chochote. Sikutaka anilipe hospitali wala aniletee zawadi. Nilitaka aseme, mbele ya watu walewale, kwamba baiskeli ilikuwa kubwa na kwamba ni yeye aliyenichagulia.

Alikuja kuniona nyumbani, na mkewe, na ndizi, na maziwa. Nisimnyime haki yake: ndizi zilikuwa nzuri na mkewe alinioshea vyombo. Kisha Mwenyekiti akasimama katikati ya sebule yangu akaomba. Alianza na taifa, akaja kwenye jiji, akafika kwangu. "Baba," akasema, "mwondolee dada yetu Nekesa roho ya uoga. Roho ya uoga, Baba, ishindwe." Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, sikuweza hata kuufunika uso. Nikaitika amina. Mtu anaweza kukusengenya mbele ya jirani ukamjibu. Akikusengenya mbele ya Mungu, na macho yamefungwa, unamjibu vipi?

Mkutano uliofuata aliandika katika daftari lake. Nililisoma mwenyewe baadaye, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyewahi kuchapwa kwa mwandiko mbaya: mwanachama mmoja alianguka kwa sababu ya uoga, wanachama wameombwa kujiamini. Niliporudi, mkono bado mzito, nikaomba kumbukumbu zirekebishwe. Nilisema baiskeli ilikuwa kubwa. Nilisema ningeweza kuwaonyesha hapo hapo.

"Kuna anayeunga mkono?" Mwenyekiti akauliza.

Tulikuwa tumesimama kando ya pampu, magari yakiingia na kutoka. Muuguzi alitazama kamba za viatu vyake. Walimu walitazamana. Nilielewa baadaye kwamba watu wanne wengine mle walikuwa juu ya fremu zilizowazidi, na kuniunga mkono mimi kungekuwa kukubali kwamba nao walipimwa kwapa wakalipia upuzi. Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi zimepita," akasema Mwenyekiti, akafunga daftari.

Na si jambo dogo, hata likionekana dogo. Tangu hapo niliwekwa nyuma kabisa ya msafara, karibu na mkagua njia. Mwanamke mgeni akijiunga, alisimuliwa habari yangu kabla hajaambiwa jina langu. Kibaya zaidi, nilianza kuamini. Tukifika kwenye mteremko, nilishika breki kabla ya wakati, nami nikajiambia, si ndiyo hii roho yenyewe. Iliniuma sana, na niliona aibu kwamba inaniuma.

Aliyenitoa pale ni Odhiambo, fundi wa baiskeli aliyekuwa na banda lake Kabiria. Nilimpelekea breki zikaguliwe. Alinitazama nikishuka, akaniambia nipande tena, akaniambia nishuke tena.

"Sister, hii ndinga nani alikuchagulia?"

"Mwenyekiti."

Akacheka kwa ndani, kisha akachungulia nje kabla ya kusema. "Simama katikati. Hapo kwa bomba. Ndinga ya lami, kati yako na hii bomba kunafaa kuwe na nafasi ya ngumi moja. Ya mlima, ngumi mbili. Sasa wewe uko na ngumi ngapi?"

"Sina."

"Huna. Sasa ukisimama kwa mawe utakanyaga nini? Hewa? Hiyo si uoga. Hata mimi ningeanguka."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, fundi wa watu akabaki ameshika spana. Nilipomaliza, nikamwomba aje Jumamosi aseme hayo mbele ya kikundi.

"Mimi naelewa, sister. Lakini hii banda iko kwa ploti ya Mwenyekiti. Nitasema nini?"

Sikumlaumu. Alifanya alichoweza: alinitafutia mtu mrefu mwenye fremu ya kumi na tano iliyokuwa ikimuumiza magoti, tukabadilishana, kila mmoja akidhani amemlaghai mwenzake. Mwezi uleule niliteremka njia ile ya kokoto. Nilisimama makusudi pale nilipovunjikia, nikateremsha mguu, nikakuta ardhi. Nikapanda tena nikarudia.

Kwa muda nilijifariji kwamba Mwenyekiti anapewa kitu kidogo na maduka. Fremu kubwa, nikawaza, pengine ndizo zinazokaa dukani bila mnunuzi, naye analipwa kuziondoa. Niliuliza huku na huku. Hakuna hata duka moja lililowahi kumpa chochote. Kuna moja lilijaribu, akawakemea hadi nje barabarani. Alikuwa akipoteza Jumamosi zake, nauli yake na sauti yake bure, kwa mapenzi tu. Jambo hilo liliniudhi kuliko yote. Mwizi ningemwelewa.

Na kulikuwa na siku ambazo alinifanya nimwonee haya kwa kumchukia. Siku moja mvua ilitukuta njia ya kurudi, tairi la muuguzi likapasuka hata lisifae kuzibwa. Mwenyekiti alifungua gurudumu lake mwenyewe, akamfungia, akamwambia aende kazini maana alikuwa na zamu. Yeye akaibeba baiskeli yake begani hadi Kabiria, matope hadi magotini, nailoni na yote. Hakulitaja tena jambo hilo, yeye aliyekuwa akitaja kila kitu. Mtu wa namna hiyo ungedhani anaweza kusema neno moja: "Nilikosea." Nilimngojea nikidhani hivyo. Angeweza kukupa gurudumu lakini si neno.

Nilimwuliza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa faraghani, akijaza upepo. Hata hakuinua kichwa.

"Madam, kumbukumbu zikishapita haziguswi. Hata bungeni ni hivyo."

Mara ya pili ilikuwa Kenyatta Market, tulipokwenda kula nyama mwisho wa mwaka. Nilichagua siku hiyo kwa sababu alikuwa mchangamfu, amefungua kifungo kimoja cha suruali, mbavu za mbuzi mbele yake. Nikasimama. Nikasema nimeteremka njia ileile mara sita kwa baiskeli ya fremu ndogo, bila kuanguka, na karani wa benki aliniona. Nikauliza ni nani pale mezani bado anasema ni uoga. Kwa mara ya kwanza nikaona baadhi yao wakimtazama yeye badala ya kunitazama mimi. Mwenyekiti alitafuna pole pole. Alimeza. Akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mnaona?" akasema. "Maombi yalifanya kazi."

Walicheka hadi muuguzi akapaliwa. Hata mwenye jiko la nyama, asiyejua habari yenyewe, alicheka. Nililipia nyama yangu nikaondoka, na kikundini sikurudi tena.

Nilianza kuendesha na watu wengine, wanne watano, tusio na mwenyekiti wala daftari. Habari zake nilizipata kwa muuguzi, ambaye tulipatana baadaye: goti limemlemea, haendeshi tena, masikio yamekufa nusu na sasa anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Sikumwombea mabaya. Wala sikumwombea mema.

Kisha Jumamosi moja, miaka kadhaa baadaye, niliingia duka fulani mjini kutafuta pedi za breki. Nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu ya matairi nikisoma maandishi ya kifurushi niliposikia sauti. Sauti ile huwezi kuikosea, na sasa ilikuwa imeongezwa.

"Hapana! Hapana, ondoa hiyo!"

Nilichungulia kati ya matairi. Alikuwa amekonda, tumbo limekwenda, helmeti hakuna, kofia ya sufu ipo. Kando yake alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, uso uleule wa mkewe. Nilijua ni bintiye aliyekuwa akifundisha Eldoret. Mama yake alinisimulia habari zake siku ile akinioshea vyombo. Muuzaji alikuwa amewatolea baiskeli ya milimani, shoki mbele, nyuma ngumu, safi kabisa, na fremu yake ilikuwa ndefu.

"Lakini mzee, hii ndiyo iko na offer," muuzaji akasema. "Na atazoea tu."

"Hatazoea! Hakuna mtu huzoea. Wanjiru, simama katikati ya hiyo bomba. Inakugusa? Ehe. Rudisha. Ataisimamisha kwa mawe, akanyage hewa, aanguke." Alishika fimbo yake kwa mkono mwingine ili aweze kujigusa hapa, kwenye mtulinga, upande uleule. "Kuna mama mmoja nilimpimia vibaya. Mama mzuri, hata hakuwa mwoga. Akavunjika hapa. Mimi ndiye nilimchagulia. Sasa leta ndogo."

Alikuwa amelisema. Maneno yaleyale niliyoyadai, kwa mpangilio nilioutaka, karibu kana kwamba mimi ndiye niliyeyapiga chapa, na alikuwa akiyasema kwa muuza baiskeli. Alijua. Sijui alijua tangu lini. Pengine tangu pale kwenye kokoto, akizungusha gurudumu. Nilitoka nyuma ya rafu bila kujua nitakachosema.

Aliniona. Kwa muda mfupi sana uso wake ulifunguka, na nikadhani, sasa. Nilikuwa tayari kumsamehe, nakiri. Kama angenyamaza tu, ningemsamehe. Lakini nyuma ya uso ule nikamwona Mwenyekiti akirudi kuketi kwenye kiti chake.

"Ah! Madam Nekesa!" akapaza sauti, akinipa mkono. "Wanjiru, huyu tulikuwa naye kwa kikundi. Ndiye yule alianguka Ngong. Uoga tu, unajua, lakini siku hizi nasikia ameimprove."

Muuzaji alikuwa amefika na baiskeli ndogo, akaishika, hakuna aliyeipokea. Binti alimtazama babake. Kisha akanitazama mimi, bega langu, halafu uso wangu. Mwenyekiti aliinama akaanza kukandamiza shoki ya mbele, kwa nguvu, mara moja, mara mbili, akiinamisha sikio lisilosikia.

"Ni wewe?" binti akaniuliza.

"Ni mimi," nikamwambia.